Ofisi ya Wawili Wasiosalimiana

Idarani walimwita Sista, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kabla ya kufika chuo kikuu alikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwa miaka mingi, akipima matumbo, akisikiliza mapigo ya vichanga, akigombana na waume wanaowaleta wake zao mimba ikiwa imeshakomaa. Kisha akaomba ufadhili wa kusomea shahada ya uzamivu katika afya ya jamii, akaupata. Alidhani ataingia chuoni kama mtafiti. Kumbe jina lilikuwa limetangulia kumsubiri mlangoni. Mhadhiri akikosa stepla alisema, "Muulizeni Sista, wao ndio wamezoea kushona." Watu walicheka, naye akacheka nusu mdomo, huku moyoni akiwatukana mmoja mmoja.

Ufadhili wenyewe haukuwa wa bure. Ulimlipia ada na posho ya kujikimu, na yeye kwa upande wake alitakiwa kufundisha takwimu kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wanafunzi hao walikuwa wamezikimbia hesabu tangu sekondari, wakachagua afya ya jamii wakiamini wamepona. Sasa hesabu zilikuwa zimewavizia chuo kikuu, tena zimevaa sketi ndefu na viatu vya kinesi visivyotoa sauti. Hawakumsamehe kwa hilo.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha chini ya ngazi, kilichowahi kuhifadhi hadubini mbovu. Kila mtu akipanda au kushuka, vumbi lilidondoka kutoka darini. Ndani mlikuwa na meza mbili zilizotazamana, dirisha moja na soketi moja ya umeme. Meza ya pili ilikuwa ya kijana mmoja mwembamba aliyefunga vifungo vya shati hadi kooni. Huyu alitokea idara ya hisabati. Alipata ufadhili uleule, mwaka uleule, akapewa nusu ya pili ya darasa lilelile. Wanafunzi walimbandika jina la Desimali kwa sababu alitoa maksi mpaka nukta za mwisho, na yeye alilipenda jina lake.

Siku ya kwanza alimtazama Sista akipanga vitabu, akamuuliza, "Wewe ndiye yule nesi?"

"Mimi ndiye mwenzako."

"Haya. Tutaona."

Tangu hapo nyota zao hazikupatana. Sista alifungua dirisha kwa sababu ya joto, Desimali akalifunga kwa sababu ya vumbi kwenye laptopu yake. Sista akichomeka chaja, akienda chooni na kurudi aliikuta imechomolewa, imeviringishwa vizuri, imewekwa juu ya kiti chake kama mtoto aliyeogeshwa. Salamu ziliisha ndani ya muhula wa kwanza. Wakawa wanaingia na kutoka kama watu wawili wanaosubiri daktari mmoja na kila mmoja anaamini ndiye aliyetangulia.

Pengine yangeishia hapo, kwenye chaja na dirisha, kama Profesa asingetia mkono. Profesa alikuwa mkuu wa idara na msimamizi wa wote wawili, mtu wa sauti laini na tai nzito, aliyezoea kukushika bega anapokunyima kitu. Aliwaita ofisini kwake, akawakaribisha viti, akawaambia kwamba wafadhili wamepunguza fungu. Kuanzia mwaka wa tatu angebaki mwanafunzi mmoja tu.

"Nyote ni watoto wangu," alisema. "Lakini ziwa limebaki moja. Atakayefanya vizuri ndiye atakayenyonya."

Walitoka bila kutazamana. Kwenye korido Desimali alipita kulia na Sista akapita kushoto, ingawa wote walikuwa wanarudi chumba kimoja.

Baada ya hapo kila kitu kiligeuka mashindano, hata kukohoa. Mwisho wa kila muhula wanafunzi walijaza tathmini ya wahadhiri wao, na Profesa alisema wazi kwamba ataitazama. Desimali akaanza kuwaachia wanafunzi kompyuta ifanye kila kitu. Waliingiza namba, wakabonyeza, wakapata jibu na kwenda kunywa chai. Sista alikataa. Alitaka kwanza wakokotoe kwa mkono, waone namba inakotoka.

"Kwa Desimali hatuteseki hivi," alisema kiongozi wa darasa siku moja, jamaa mrefu aliyekaa mbele ili aonekane. "Kompyuta inafanya yenyewe."

"Na kompyuta ikikudanganya, utajuaje?"

"Kwani wewe ukitudanganya tutajuaje?"

Darasa zima liliangua kicheko. Sista alimwonyesha mlango kwa chaki, na alipotoka akawatoa na wawili waliokuwa bado wanacheka. Tathmini zilipokuja, mmoja aliandika kwamba mwalimu huyu ni mkali kama sindano ya makalio. Desimali aliisoma, maana zilibandikwa ubaoni, na alipoingia ofisini aliketi kwa tahadhari kubwa, upande mmoja, kama aliyechomwa. Hiyo ndiyo mara pekee Sista alipomwona akifanya mzaha, na alimchukia zaidi kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri.

Nyumbani nako hakukuwa na mahali pa kuegemeza kichwa. Aliishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, pamoja na binti ambaye yeye Sista alimzaa na mwanamume aliyekwisha kwenda zake. Kwa kuwa yeye alishinda chuoni, Dada ndiye aliyemlea yule mtoto, akamsuka, akamfulia, akaenda kwenye vikao vya wazazi shuleni. Binti alianza kwa kumwita mama mkubwa. Taratibu neno "mkubwa" likadondoka njiani. Sista alilisikia likidondoka, na hakuwa na haki ya kuliokota.

"Mdogo wangu," Dada alimwambia jioni moja, pini zikiwa mdomoni, "wenzako wa umri wako wanajenga. Wewe bado unanunua kalamu."

"Nikimaliza nitawatunza wote."

"Ulikuwa na kazi, ukaiacha ukawe mwanafunzi. Mimi sijawahi kusikia mtu anapanda ngazi kwa kurudi chini." Alitoa pini moja, akaichoma kwenye kitambaa. "Na huyu mtoto hangoji ripoti yako ndipo akue."

Binti alikuwa palepale anafanya kazi ya shule. Alipohitaji saini ya mzazi alinyanyuka, akampita mama yake, akamkabidhi Dada kalamu. Dada alisaini. Wala haikuwa kwa ubaya, ni mazoea tu, na hayo mazoea ndiyo yaliyouma.

Sista akaweka matumaini yake yote kwenye utafiti. Swali lake lilikuwa rahisi kulieleza: je, mama anayeanza kliniki mapema, mtoto wake huepuka kulazwa hospitali katika mwezi wa kwanza? Alikusanya kumbukumbu za wajawazito kutoka kliniki kadhaa za mjini, akaziingiza kwenye kompyuta mama mmoja baada ya mwingine, akakokotoa. Jibu lilitoka la kung'aa. Watoto wa waliochelewa kuanza walilazwa zaidi kupita alivyotegemea. Profesa alipoliona jedwali alivua miwani.

"Hii ni dhahabu," alisema, na akamshika bega. Wiki hiyohiyo aliliingiza jedwali hilo kwenye mada yake mwenyewe, aliyokuwa anakwenda kuiwasilisha kwenye mkutano mkubwa nje ya nchi.

Ikaja siku ya semina, ambapo wanafunzi wa uzamivu hueleza kazi zao mbele ya idara. Ukumbi ulijaa. Sista alivaa gauni alilolikopa kwa Dada bila kuomba. Alieleza vizuri, slaidi zikafuatana, vichwa vikatikisika. Profesa alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu kama baba wa bibi harusi. Ndipo mkono mmoja ukanyanyuka nyuma.

"Nina swali kuhusu kundi la waliochelewa," alisema Desimali. "Kwenye data yako iliyo kwenye kompyuta ya idara kuna wanawake wanaofanana tarehe ya kuzaliwa, kundi la damu na namba ya simu ya mume. Mmoja yuko kliniki ya kwanza, ameanza mapema. Mwingine yuko kliniki ya pili, amechelewa. Umeangalia kama ni mtu mmoja?"

"Kliniki ni tofauti," Sista alijibu.

"Mama akihama nyumba, si anahama na kliniki? Akifika kule anaandikwa upya, anaonekana ndiyo kwanza ameanza. Kwa hiyo mama mmoja umemhesabu mara mbili. Na mara ya pili umemweka kwenye kundi la wazembe, na mtoto akilazwa anaandikwa huko tu."

Sista alihisi jasho likimshuka mgongoni ndani ya gauni la watu.

"Wewe hujawahi kumshika mjamzito hata mkono," alisema, na sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. "Leo unanifundisha kliniki?"

"Sikufundishi kliniki. Nimeuliza kuhusu data."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Profesa alisimama haraka, akasema muda umekwisha, akawashukuru wote kwa mchango wao mzuri. Sista alikusanya vitu vyake akatoka. Alijifungia chooni akanawa uso mara kwa mara, na kila alipoinua macho kwenye kioo alijiona mtu aliyevuliwa nguo hadharani na kijana anayechomoa chaja za wenzake.

Alirudi kwenye data yake akiwa na lengo moja, kumwaibisha Desimali. Alitaka kuthibitisha kwamba ni uongo, kisha aende akamwambie mbele ya watu walewale. Aliwapanga wanawake wote kwa tarehe za kuzaliwa, akalinganisha damu, akalinganisha simu. Wa kwanza walifanana. Akasema ni sadfa tu. Wa pili wakafanana, wa tatu, na wengine wakazidi kufuatana mpaka akaacha kujidanganya. Kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyepaswa kulijua. Ni mara ngapi, akiwa na sare yake, alimpokea mama aliyehamia mtaa mpya, kadi ya zamani imepotea, na yeye mwenyewe akamwandikia kadi mpya kwa mkono wake? Wapangaji maskini huhama hata mimba ikiwa kubwa. Alilijua hilo kwa miaka yote, na siku alipokaa mbele ya kompyuta akalisahau. Alipowaunganisha wale wanawake na kukokotoa upya, ile dhahabu ilinywea. Tofauti iliyobaki ilikuwa ndogo sana, ya kuonewa haya.

Alikwenda kwa Profesa akiwa na jedwali jipya.

"Ongeza sentensi moja kwenye mapungufu ya utafiti," Profesa alisema bila kulitazama vizuri. "Kila utafiti una mapungufu."

"Hili si pungufu, Profesa. Ni kosa."

"Sista, mada yangu imeshapokewa. Wewe unataka nikawaambie nini watu?"

Namna alivyolisema, bila mshangao hata kidogo, ndiyo iliyomfungua macho. "Kwani ulijua?"

Profesa alirekebisha tai. "Yule kijana alikuja kuninong'oneza kabla ya semina. Nilimwambia ashughulike na yake. Wewe nawe shughulika na yako. Nafasi imebaki moja, na mpaka dakika hii nilikuwa nafikiria kukupa wewe."

Hakumshika bega safari hii. Sista alirudi chini ya ngazi, akasimama mbele ya meza ya Desimali. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuzungumza humo ndani baada ya miezi.

"Ulimwambia Profesa kabla ya semina?"

"Ndiyo."

"Kwa nini usiniambie mimi?"

Desimali aliendelea kuchapa kidogo, kisha akaacha. "Ungesema nakuonea wivu. Ungenionyesha mlango kama unavyowaonyesha wanafunzi. Nikaenda kwa msimamizi wako, akanifungia mdomo. Nikaona basi, semina nzima hawezi kuifunga mdomo."

"Na ulifurahi kuniaibisha?"

Alifikiria kwanza, kama aliyeulizwa swali la mtihani. "Ndiyo. Sana. Lakini kosa lilikuwa kosa hata kama nisingefurahi."

"Sikuja kukushukuru."

"Vizuri. Maana hata mimi sikupendi."

Sista aliwaandikia waandaaji wa ule mkutano, akawaeleza kwamba jedwali ni lake, lina kosa, na kwamba lisionyeshwe. Profesa alilazimika kuliondoa. Alikwenda mkutanoni na mada iliyopungua, akarudi na hasira iliyoongezeka. Kabla mwezi haujakwisha alikuwa amejitoa kumsimamia Sista, na ufadhili akampa Desimali. Desimali aliupokea bila kupepesa macho. Hakuja kuomba radhi wala kutoa pole, na Sista hakutegemea. Wanafunzi walipotangaziwa kwamba darasa lote sasa ni la Desimali, walipiga makofi. Makofi hayo aliyasikia akiwa kwenye ngazi.

Dada alipopata habari hakucheka, wala hakumhurumia. Alizima cherehani. "Kwa hiyo ulikuwa unashinda, ukajiangusha mwenyewe."

"Nilikuwa nimekosea hesabu, Dada."

"Si ungenyamaza? Nani angejua?"

"Hao wanawake ningewaita wazembe maisha yangu yote. Nawe unajua walikuwa hawana hata pa kulala."

Dada aliwasha cherehani tena, na kwa siku kadhaa walizungumza kupitia mtoto.

Sista aliomba zamu za asubuhi kwenye kliniki yake ya zamani, ada akaanza kujilipia kwa shida. Kwa msimamizi, alibisha milango mingi. Aliyemfungulia alikuwa mwalimu mmoja mzee wa takwimu, mama wa maneno machache, ambaye wengi walimkwepa kwa ukali wake. "Sikuchukui kwa huruma," alimwambia. "Nakuchukua kwa sababu umeliharibu jedwali lako mwenyewe vizuri. Sasa achana na swali la kwanza. Andika kuhusu hao wanaohama." Basi tasnifu ya Sista ikawa juu ya kosa lake: wajawazito wanaohama, namna kumbukumbu zinavyowagawa vipande, na namna takwimu zinavyokuja kuwalaumu baadaye.

Profesa alituma mhudumu kuchukua ufunguo wa ofisi na kuiondoa meza ya Sista. Mhudumu alimkuta Desimali peke yake. Desimali alimwambia meza ile imejaa vitu vyake na haiondoki. Havikuwamo vitu vyake hata kimoja. Sista alisimuliwa na mhudumu mwenyewe, akaendelea kuja, na wala hawakulizungumzia. Siku moja alikuta sura ya pili ya tasnifu yake, aliyokuwa ameiacha mezani, imechorwa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Pembeni palikuwa pameandikwa: huu ni upuuzi, thibitisha. Alitukana kwa sauti, kisha akathibitisha, na upuuzi ukatoka. Yeye naye akachukua sura ya Desimali, iliyokuwa inabashiri idadi ya wagonjwa wodini, akaijaza maswali makali: wodi gani hii isiyo na msimu wa mvua? Wakaendelea hivyo mwaka mzima na zaidi, wanarushiana karatasi juu ya meza bila kusalimiana, kila mmoja akisoma kazi ya mwenzake kwa nia ya kumkomoa. Hakuna mtu idarani aliyekuwa na tasnifu iliyosomwa vizuri kuliko wao.

Siku ya kuitetea tasnifu, Profesa alikuwa kwenye jopo. Aliuliza maswali yake taratibu, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na mwiba ndani. Kwa nini utafiti wa kwanza uliachwa? Nani alilipa gharama za kuchelewa? Je, muuguzi wa zamani anaweza kuwa mtafiti asiyeegemea upande? Sista alijibu yote akiwa amesimama. Kwenye lile la mwisho alisema, "Sijui kama naweza. Ndiyo maana kila namba niliyoiandika nilimpa mtu asiyenipenda aikague kwanza." Nyuma kabisa Desimali alikuwa anatazama dari. Jopo lilimpitisha, na Profesa akatia saini akiwa wa mwisho.

Dada alikuwa amekuja na nguo zake za kazi, nyuzi zimemganda kwenye blauzi, binti pembeni yake. Nje ya ukumbi alisema, "Sikuelewa hata neno moja. Lakini yule mwenye tai alikuwa anakutafuta, nimemwona."

"Nimeshamzoea."

"Umemaliza kweli?"

"Nimemaliza. Wamenipa kazi ya kufundisha."

"Basi mchukue mwanao," Dada alisema, akageuka upande wa ukuta, akawa anachambua nyuzi kwenye blauzi moja moja, na mdogo wake akajua asimguse.

Binti hakutaka kuchukuliwa. Sista alipanga vyumba viwili karibu na chuo, akamhamisha na begi lake la shule, na mtoto akafanya mgomo. Alikula akitazama ukuta. Akiitwa aliitika kwa "ndiyo" na "hapana" kama mtu aliye mahakamani. Kwa watu wengine alimtaja kama "yule". Sista, aliyewahi kuwatoa wanafunzi darasani kwa kicheko tu, hakuwa na mlango wa kumwonyesha huyu. Jumamosi alimpeleka mwenyewe kwa Dada, akakaa kwenye benchi la nje wakati wawili hao wakipiga soga ndani, na Dada alimletea chai bila kumuuliza kama anaitaka.

Jumamosi moja binti alitoka na daftari, akamuuliza Dada swali la sehemu na asilimia lililomshinda.

"Mimi napima viuno," Dada alisema. "Muulize huyo. Si ndiyo kazi iliyomfanya atukimbie?"

Binti alikunja uso. Kisha akaja, akaliweka daftari mapajani mwa mama yake, na kukaa mwisho kabisa wa benchi.

"Nieleze mara moja tu," alisema. "Na usinikaripie kama wanafunzi wako."